Kubadilisha Nyaya za Usalama za Mashua Yenye Tanga: Mwongozo Kamili

Waya wa usalama unapokatika, mara nyingi hukatika pale unapoingia kwenye kichwa chake cha chuma. Sehemu ya katikati, ile inayoonekana na kushikwa kila siku, inaweza kung'aa kama mpya huku nyuzi zilizojificha ndani ya kichwa zikiwa zimeliwa nusu. Ndiyo maana kazi hii inahusu ncha kuliko inavyohusu waya wenyewe. Mita arobaini za waya mzuri zilizofungwa kwa vichwa vibaya ni hatari zaidi ya kutokuwa na waya kabisa, kwa sababu mtu ataziegemea akiziamini.

Nyaya tunazozungumzia ni zile zinazozunguka sitaha kutoka fremu ya bomba iliyoko omo (mbele) hadi fremu ya tezi (nyuma), zikipita kwenye matundu ya nguzo. Mashua nyingi zina nyaya mbili kila upande, wa juu na wa kati, pamoja na lango la kupandia.

Dalili kwamba waya umekwisha

Pitisha kitambaa cha pamba taratibu kwenye urefu wote wa waya. Kikinasa, kuna uzi uliokatika na kuchomoza. Uzi mmoja tu ukikatika, waya huo ubadilishwe. Uliobaki umeshapita katika mazingira yaleyale na hauna maisha marefu. Kisha chukua kioo cha kukuza na uangalie kila kichwa: ufa mwembamba unaokwenda kwa urefu wa kichwa, kujipinda, au maji ya kutu yanayochuruzika kutoka mdomoni mwake. Doa la rangi ya chai juu ya waya linaweza kuwa uchafu wa juu tu. Lifute, na likirudi mahali palepale, basi linatoka ndani.

Nyaya zilizovikwa plastiki nyeupe hazina haja ya uchunguzi mrefu. Ziondoe. Chuma kisichoshika kutu hujilinda kwa utando mwembamba wa oksidi ya kromi, na utando huo huhitaji oksijeni ili ujirudishe kila unapokwaruzwa. Chini ya plastiki, maji ya chumvi huingia kwenye ncha au penye mpasuko, yanakaa, oksijeni inaisha, na chuma kinaanza kuliwa gizani. Plastiki inaweza kubaki safi hadi siku waya unakatika. Kanuni maalumu za World Sailing, shirika la dunia la mchezo wa mashua za tanga, kwa mbio za bahari kuu zinataka nyaya za chuma ziwe tupu, bila plastiki wala mrija unaozibana, na hata asiyeshindana mbio afadhali azifuate hapo.

Nguzo kwanza

Kabla ya kuagiza chochote, shika kila nguzo kwenye kilele chake uisukume ndani na nje kwa nguvu. Mwenzako aangalie kitako chake. Kitako kikicheza, au ukiona nyufa zinazotawanyika kukizunguka kwenye rangi ya sitaha, maji yameanza kupenya kwenye mbao zilizo katikati ya sitaha. Fungua bolti, kausha, ondoa mbao zilizooza, jaza epoksi, kisha rudisha kitako kwa gundi mpya ya kuziba maji na bamba pana chini ya sitaha la kugawa mzigo. Washa ndogo, vile vipete vya kuwekwa chini ya nati, pekee hazitoshi. Nguzo ni wenzo, na mzigo mdogo kileleni huwa mzigo mkubwa sana kwenye bolti.

Angalia pia kile kinachozuia nguzo isichomoke kwenye kitako chake, iwe skrubu ndogo au pini. Kikiwa hakipo, mtu akianguka nguzo itang'oka pamoja naye. Kitako cha alumini chenye nguzo ya chuma kisichoshika kutu kina tatizo lake: metali hizo mbili zikikutana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na unga mweupe kwenye maungio ni ushahidi wa hilo.

Kwa mashua ya mita 8.5 na kuendelea, kanuni hizo za mbio zinataka waya wa juu uwe angalau milimita 600 juu ya sitaha, na nafasi kati ya nguzo isizidi mita 2.2. Nguzo zako zikiwa zimeachana kuliko hapo, waya mpya hautaliondoa tatizo hilo.

Waya upi

Nunua chuma cha daraja la 316. Daraja la 304 ni rahisi zaidi, lakini hutoka madoa upesi baharini.

Kuna aina tatu utakazokutana nazo. Ya kwanza ni 1x19, yaani nyuzi kumi na tisa nene zilizosokotwa pamoja: mmoja katikati, sita kuuzunguka, kumi na mbili nje. Ni ngumu kupinda, haivutiki sana, na ina nguvu kuliko nyingine za unene uleule. Ya pili ni 7x7, mafungu saba yenye nyuzi saba kila moja. Inapinda kidogo zaidi na ndiyo iliyokuwa ndani ya nyaya nyingi za plastiki. Ya tatu ni 7x19, laini sana, yenye nyuzi nyembamba zinazokatika mapema. Hiyo waachie wenye kapi. Kwa nyaya za usalama, 1x19 ndiyo chaguo letu. Uso wake ni laini kwa mikono na kwa tanga, na nyuzi zake nene huchelewa kuliwa.

Unene wa chini kwa waya wa chuma katika kanuni hizo ni milimita 3 kwa mashua iliyo chini ya mita 8.5, milimita 4 kati ya mita 8.5 na 13, na milimita 5 kwa iliyozidi mita 13. Kupanda ngazi moja si gharama kubwa, na hukupa akiba pale kutu itakapoanza.

Hapa wengi huharibu kazi: usipime unene juu ya plastiki. Waya wa zamani unaosoma karibu milimita 8 kwa nje mara nyingi ni waya wa inchi 3/16 ndani, yaani milimita 4.76. Tena, 4.76 si 5. Kichwa cha milimita 5 kikiminywa juu ya waya wa 4.76 kinaweza kuonekana kimeshika, kisha kikachomoka siku ya mzigo. Chagua mfumo mmoja, wa milimita au wa inchi, na kila kipande kitoke huko.

Vichwa

Kuna njia tatu za kufunga ncha. Kichwa kilichogandamizwa kwa mashine ya roli au ya haidroliki kiwandani ni imara, chembamba na cha bei nafuu, ila urefu ukikosewa hakifunguki tena. Kichwa cha kabari, kama vile vya kampuni ya Sta-Lok, hufungwa kwa spana mbili palepale kwenye mashua, hufunguliwa kukaguliwa, na hutumika tena kwa kubadilisha kabari. Kichwa cha kuminya kwa koleo la mkono ni cha tatu. Kinafaa iwapo koleo ni la vichwa hivyohivyo na kila mminyo unapimwa kwa geji yake, lakini uimara wake unategemea sana mkono wa mfungaji.

Mpango tunaoupendekeza ni wa kuchanganya: upande mmoja wa kila waya ugandamizwe kiwandani, upande wa pili ufungwe kichwa cha kabari kwenye mashua. Unapata uimara wa mashine, na hatari ya kukosea urefu inaondoka. Klampu za U, zile zenye nati mbili, zisiwepo kabisa kwenye nyaya za usalama. Zinaponda nyuzi, nati hulegea, na miguu yake huchana watu na matanga.

Kuhesabu na kupima

Tuchukue mashua ya mita 10 yenye nyaya mbili kila upande na lango moja kila upande. Kila mstari una vipande vitatu: wa mbele, wa lango na wa nyuma. Mistari minne inatoa vipande kumi na viwili, na vipande kumi na viwili vina ncha ishirini na nne. Kama kila upande una urefu wa mita 9, waya unaohitajika ni mita 36, nunua 40. Vipande vinane virefu vinataka vikaza vinane, yaani zile skrubu za kuvutia waya, pamoja na vichwa vinane vya uma vya kushika kwenye fremu au nguzo ya lango. Vipande vinne vya lango vinataka ndoano nne na macho manne. Chora mchoro wa mashua kwa juu, kila ncha uipe namba, uandike kichwa chake. Kipande kimoja kikisahaulika kwenye oda kinaweza kusimamisha kazi yote.

Pima kipenyo cha matundu ya nguzo kwa kalipa kabla ya kuamua upande upi uende kiwandani. Kichwa kilichogandamizwa hakipiti kwenye kila tundu. Kwa kawaida ncha tupu ndiyo inayopitishwa kwenye nguzo zote, kisha kichwa cha kabari kinafungwa mwisho. Na ikiwa matundu yalitengenezwa kwa waya mnene wa plastiki, waya mwembamba utacheza ndani yake na kusagika. Tia vijipete vya nailoni vinavyokaa kwenye tundu bila kuzuia maji yasitoke.

Usitegemee waya wa zamani kama kipimo cha mwisho. Umevutika, na huenda fremu ya omo imepinda kidogo tangu ulipofungwa. Utumie kukagua tu kwamba namba zako haziko mbali na ukweli.

Kufungua nyaya kuukuu

Fanya upande mmoja kwa wakati, na funga kamba nyangavu mahali pa waya ulioondolewa ili kila mtu aone kwamba hapaegemewi. Mashua ikiwa juu ya nchi kavu, uangalifu uwe mara mbili: kutoka sitaha hadi sakafu ya zege ni mita kadhaa, na hakuna maji ya kukupokea.

Vikaza vilivyoganda vimwagie mafuta ya kupenya ukaviache usiku kucha. Visipofunguka, kata waya. Vichwa hivyo hurudii kuvitumia. Ila kagua pini kuu zote. Pini iliyolika upande mmoja au yenye mfereji itupwe, kwani pini mpya ni kitu kidogo mno kukibania.

Kufunga kichwa cha kabari

Hatua hii haitaki haraka. Soma karatasi ya mtengenezaji, kwa kuwa vipimo vya ndani hutofautiana, lakini mwenendo ni huu.

Shikiza kikaza mahali pake na ukifungue mpaka skrubu ya kila upande ibaki imeingia kiasi cha mara mbili ya kipenyo chake. Skrubu ya milimita 6 ibaki na milimita 12 ndani. Kwa hiyo safari yote ya kukaza inabaki mbele yako. Vuta waya kwa mkono mpaka unyooke, uweke sambamba na kichwa, na tia alama pale waya utakapofika ndani ya kichwa. Zungushia tepu kwa kubana pande zote mbili za alama, kisha kata katikati ya tepu kwa mkasi wa nyaya, au kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo. Grenda yenye diski nyembamba inakata vizuri pia, mradi cheche zisitue sitahani: kila chembe ya chuma inayobaki huko itageuka doa la kutu. Ukiwa na shaka, kata mrefu. Utaweza kupunguza, hutaweza kuongeza.

1. Ingiza kwanza sehemu ya kichwa inayovaa waya, mdomo mwembamba ukielekea upande wa waya mrefu. Hakuna kosa la kawaida kuliko kusahau hatua hii na kulazimika kufumua kila kitu.

2. Toa tepu na fumua nyuzi kumi na mbili za nje, ukiacha kiini cha nyuzi saba kimesokotana. Zifungue kwa urefu unaotosha kabari tu.

3. Vesha kabari juu ya kiini, upande mwembamba ukitangulia kuelekea waya mrefu, na uache kiini kichomoze kidogo, takriban milimita 2 au kama karatasi inavyosema. Kabari ya 1x19 si ya 7x7, ukichanganya, haitabana.

4. Rudisha nyuzi za nje kuizunguka kabari kwa kufuata msokoto wao, zikigawanyika sawasawa. Uzi wowote usiingie kwenye ufa wa kabari. Ukiingia, kabari haitafunga, na kichwa kizima kitakuwa kinashikwa na msuguano wa uzi mmoja.

5. Vuta sehemu ya kwanza ije kuzifunika nyuzi, weka kikombe kidogo cha kukunjia ncha kama kichwa chako kinacho, kisha funga sehemu ya pili kwa spana mbili mpaka uhisi ugumu wa kweli. Usilazimishe.

6. Fungua tena. Nyuzi zote ziwe zimekunjwa sawa juu ya kabari, hakuna iliyopishana. Hapa ndipo unaona kwa macho kama kazi ni nzuri, na hiyo ndiyo sababu tunakipenda kichwa hiki.

7. Jaza ndani gundi laini ya kuziba maji, tia tone la gundi ya kufunga meno kwenye skrubu, ukaze mara ya mwisho. Gundi inayotoka mdomoni mwa kichwa ifute. Ikiwa haikutoka kabisa, bado kuna nafasi ndani ambayo maji yataipata.

Meno ya chuma kisichoshika kutu yana tabia ya kung'ang'aniana yanapozungushwa makavu na kwa kasi. Yakishikana, hayaachani mpaka kukata. Kwenye vikaza tumia grisi ya lanolini au ya tefloni, na uzungushe taratibu kwa mkono.

Kukaza

Kipimo cha kanuni ni rahisi kukifanya nyumbani kwako sitahani. Chagua nafasi pana zaidi kati ya nguzo mbili nyuma ya mlingoti. Ning'iniza kilo 4 katikati. Dumu lenye lita 4 za maji linatosha. Waya wa juu usishuke zaidi ya milimita 50, wa kati usizidi milimita 120. Ili upime bila kubahatisha, vuta uzi wa kuwambia kutoka nguzo hadi nguzo kwenye usawa wa waya kabla ya kuning'iniza.

Hesabu yake inaonyesha jinsi nguvu inayohitajika ilivyo ndogo. Mvuto kwenye waya ni mzigo mara urefu, gawanya kwa mara nne ya kiasi ulichoshuka. Kilo 4 kwenye nafasi ya mita 2 zikiushusha waya sentimita 5 zinatoa kilo 40 za mvuto. Basi. Mkono mmoja kwenye kikaza unafika huko bila spana ndefu. Anayekaza mpaka waya ulie kama uzi wa zeze anapinda fremu ya omo kuelekea nyuma, analegeza bolti za vitako na kuanza kuvujisha sitaha. Mtu wa kilo 80 akiulalia waya huo mpaka ukashuka sentimita 20, mvuto unafika kilo 200 hata bila mshtuko. Kwa hiyo uache waya uwe na akiba ya kupokea mzigo huo.

Kaza waya wa juu kidogo, kisha wa kati, kisha upande wa pili, na urudie. Ukimaliza upande mmoja kabisa kabla ya mwingine, fremu itavutwa upande. Waya mpya wa 1x19 hutulia baada ya safari chache, hivyo rudia kipimo cha kilo 4 baada ya hapo.

Kamba mahali pa kikaza

Unaweza kuacha kikaza na kufunga ncha ya nyuma kwa kamba ya sanisi isiyovutika, ya milimita 3 au 4, ikizungushwa mara tano au sita kati ya jicho la waya na fremu. Faida yake kubwa ni kwamba mtu akianguka majini, kisu kinaikata na waya unashuka ili avutwe ndani. Pengo lisizidi milimita 100, na kamba ibadilishwe kila mwaka, kwani jua huila. Kamba hizi zinateleza; malizia kwa mafundo kadhaa ya nusu, si moja.

Malango

Lango lina udhaifu wake. Nguzo zinazolizunguka lazima ziwe na mkono wa kuziegemeza. Zisipokuwa nao, kila lango linapofunguliwa waya wote unalegea, na aliyeshika mbele hana anachoshika. Ndoano ya lango ina springi ndogo inayochoka: ikisukumwa na mguu au kamba ya tanga inaweza kufunguka yenyewe. Chagua yenye kifungo cha pili, na uiweke ili mdomo wake uangalie ndani.

Pini

Kila pini kuu ipate pini ndogo ya miguu miwili, mpya. Miguu ifunguliwe kidogo, kiasi cha pembe ya digrii 20 hadi 30, isikunjwe ikarudi nyuma, maana siku ya dharura utahitaji kuichomoa. Ielekeze ndani na uifunike kwa tepu ili isichane mtu. Tepu hiyo iishie kwenye pini. Ukifunika kichwa kizima cha waya, umerudisha ile plastiki uliyoitupa, pamoja na maji yake.

Baada ya hapo

Suuza nyaya kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, kila mnaporudi kutoka baharini, hasa midomo ya vichwa. Rudia kitambaa cha pamba mara kadhaa kwa msimu. Na wajulishe wote wanaopanda: mkanda wa usalama haufungwi kwenye nyaya hizi. Hufungwa kwenye kamba au tepu inayolala sitahani na kushikwa na bolti zake. Waya wa sentimita 60 humfika mtu mzima karibu na goti. Akianguka kwa kasi kutoka upande wa juu wa mashua iliyoinama, unaweza kumzuia au unaweza kumpindua juu yake, na mkanda uliofungwa kwenye waya utamwacha akiburutwa nje.